Siku za Kukaa na Batuli

Zabibu binti Mrisho aliuza dagaa kwa baiskeli miaka ishirini na miwili, na kwa sehemu kubwa ya miaka hiyo alijua kazi na alijua kukaa. Ijumaa hapandi baiskeli. Jumanne hapandi vilevile, maana Jumatatu ndiyo ilikuwa siku ya njia ndefu, ya kutoka Ng'ambo, hapo Tabora mjini, kupitia Itetemia na Kwihara hadi vijiji vya mbele, ambako wateja walimsubiri na mabakuli yao. Mwendo huo ulimfaa. Alikuwa na mapaja yaliyojaa, na pumzi ya kumwezesha kupanda kilima na gunia kwenye keria huku akimsimulia mpita njia habari za mjini.

Mwendo huo uliharibika mwaka ambao mumewe, Fikiri, alimleta Batuli.

Fikiri alifanya kazi kwenye treni, Tabora hadi Kigoma, Tabora hadi Mpanda, na nyumbani alionekana kama mgeni aliyesahau mwavuli: anaingia, anatafuta kitu, anaondoka. Aliahidi kumjengea mke mdogo nyumba yake. Nyumba haikujengwa. Batuli akapewa vyumba viwili vya upande wa pili wa ua uleule, akaweka cherehani yake barazani, na tangu asubuhi mpaka magharibi akawa anashona hapo, akiona kila anayeingia na kila anayetoka.

Wiki ya kwanza waligombana juu ya kamba ya kuanikia nguo. Wiki ya pili juu ya kuni. Baada ya hapo hawakugombana tena, ambalo ni jambo baya zaidi. Walisemezana kwa maneno ya lazima tu: ndoo iko wapi, mlango umefungwa, mumeo kapiga simu. Batuli alimwita "bi mkubwa" kwa sauti ambayo mtu asiyekuwa wa nyumba hiyo angeidhania ni ya heshima. Zabibu hakumwita jina lolote.

Basi Zabibu akagundua kwamba dawa ya kutomwona Batuli ni kutoka. Akaanza kutoka Ijumaa. Kisha Jumanne. Wateja wa Itetemia wakashangaa kumwona kila mara, wengine wakamwambia waziwazi kuwa dagaa wa juzi hawajaisha. Aliwauzia wengine, akaenda mbali zaidi, akabeba zaidi. Hakufanya hivyo kwa uchumi. Alifanya hivyo kwa chuki, na chuki ni bosi asiyetoa likizo.

Mwaka wa tatu, tangu mwanzo wa Februari, alipiga siku arobaini na moja mfululizo bila kushuka kwenye baiskeli. Mwili ulimwambia mapema. Asubuhi aliamka miguu mizito kana kwamba alikuwa ameendesha usingizini. Moyo ulimdunda masikioni hata akiwa amekaa chooni. Kilima alichokipanda akisimulia sasa alikipanda kimya, halafu akawa anashuka na kusukuma. Chakula hakikumwingia, maneno ya watu yalimchoma upesi. Zabibu alijifunga kitambaa gotini na kusema kuwa Batuli ana jicho baya.

Siku ya arobaini na moja, mvua ilikuwa imechimba makorongo kwenye mteremko baada ya Itetemia. Alikuwa amepakia magunia mawili. Gurudumu la mbele lilipoingia kwenye korongo alibana breki vizuri tu, akautuma mguu wa kulia ukanyage chini kama alivyoutuma mara elfu. Mguu ulichelewa. Ulichelewa kidogo sana, kama mtu aliyeitwa naye bado anavaa viatu, lakini baiskeli haikungoja. Ilimlalia, magunia yakailalia baiskeli, na Zabibu akausikia muundi wake ukivunjika kabla hajausikia ukiuma.

Hospitalini walimfunga hogo, plasta ngumu, kuanzia juu ya paja mpaka karibu na vidole. Wiki nane, wakasema, kisha tutaona. Binti yake wa pekee alikuwa Mpanda na ujauzito wa miezi minane. Fikiri alikaa siku mbili, siku ya tatu treni ikamwita. Alisimama katikati ya ua na mfuko wake begani.

"Batuli," alisema, "mwangalie mwenzako."

"Nitamuuguza," Batuli alijibu bila kuinua macho kwenye kitambaa. "Kumpenda sikuahidi."

"Wala sikuomba," Zabibu alisema kutoka kitandani, mlango ukiwa wazi.

Fikiri alitazama huku, akatazama kule, akaondoka.

Batuli alimuuguza kweli. Alimwogesha kama mtu anavyoosha sufuria la wenyewe, kwa ukamilifu na bila mapenzi. Alimpikia maharage, mayai, na dagaa walewale waliosalia kwenye gunia, akimwambia ale kwa sababu hogo ni zito na hataki kunyanyua mtu dhaifu mwenye mguu mzito. Hospitalini walikuwa wamemfundisha Batuli mazoezi, kwa kuwa yeye ndiye aliyeandikwa kuwa mwangalizi. Mgonjwa abane paja ndani ya hogo, ahesabu mpaka kumi, aachie. Mara kumi, asubuhi, mchana na jioni. Mguu mzima nao asiuache ulale. Auinue na mfuko wa mchanga.

"Bana," Batuli alikuwa akisema kutoka kwenye cherehani. "Moja. Mbili. Tatu."

Zabibu aligeukia ukutani.

"Nne. Tano."

"Unahesabia nani?"

"Nimeambiwa nihesabu. Sikuambiwa nihakikishe. Sita."

Wiki nane zote Batuli alihesabu, na ndani ya hogo hakuna aliyeweza kuona kama paja linatii au linakaidi. Ukweli Zabibu aliujua peke yake: siku nyingi alikaidi. Kubana paja kwa hesabu ya Batuli aliona ni sawa na kucheza ngoma yake. Siku chache alibana, Batuli alipokwenda sokoni, na hata hapo alihesabu kwa Kinyamwezi ili isifanane.

Hogo lilipokatwa, Zabibu alidhani wamemtolea mguu wa mtu mwingine. Ngozi ilikuwa na magamba. Goti lilionekana kubwa, si kwa kuvimba, bali kwa sababu juu yake na chini yake vitu vilikuwa vimepotea. Paja alilolijua, lililokuwa likijaza gauni hata mshono ukavuta, lilining'inia laini alipoliinua kwa mikono. Aliambiwa akunje goti. Goti likakunja kidogo na kugoma.

Waliporudi nyumbani Batuli alichukua utepe wake wa kupimia, ule uliokuwa shingoni mwake siku zote, akapiga magoti mbele ya Zabibu bila kuomba ruhusa. Akazungusha paja la kushoto, kisha la kulia, mahali palepale, kama anayepima mteja wa suruali.

"La kushoto inchi ishirini na mbili," alisema. "La kulia kumi na tisa na robo."

"Umefurahi sasa."

"Nikifurahi utajua." Batuli akachukua chaki ya kuchorea vitambaa, akaandika namba zile juu ya mlango wa chumba cha Zabibu, pamoja na tarehe.

Zabibu akazifuta kwa kiganja. Asubuhi akazikuta zimeandikwa tena, kwa mkaa.

Mtaalamu wa mazoezi ya viungo pale hospitalini aliitwa Wilbroad, kijana wa miaka thelathini hivi, mpole, aliyesema "shikamoo mama" kila mara hata kwa wagonjwa waliokuwa wakimtukana. Wiki iliyofuata Zabibu alimtukana kidogo, kisha akamwuliza kile alichotaka kukijua.

"Miaka ishirini na miwili, mwanangu. Inawezekanaje kuliwa na wiki nane?"

Wilbroad aliweka kiganja chini ya goti lake na kumwambia asukume. "Pumzi ndiyo inayotangulia kuondoka, mama. Mwendesha baiskeli akikaa siku kumi, wiki mbili, damu yenyewe inapungua mwilini, moyo unasukuma kidogo, na kilima kinakuwa kirefu. Nguvu za misuli huwa zinavumilia. Mtu anayepumzika tu, anatembea, anapanga vyombo, anaweza kukaa wiki tatu au nne nguvu zipo palepale. Lakini wewe mguu ulifungwa. Msuli usiotumwa kabisa unaondoka upesi, tena paja ndilo la kwanza."

"Basi nianze upya? Kama msichana?"

"Hapana. Sukuma tena. Msuli uliowahi kuwepo unaijua njia ya kurudi. Uliujenga kwa miaka, utarudi kwa miezi. Ila usiulazimishe kila siku. Ukiutumia, unaumia kidogo. Unajengeka ukiwa umekaa. Siku ya kazi, siku ya kukaa."

"Kukaa," Zabibu alisema, na akacheka bila furaha. "Babu wa babu yangu alibeba pembe kutoka hapa mpaka Bagamoyo, begani, kwa miguu. Nani alimwambia siku ya kazi, siku ya kukaa?"

Batuli alikuwa ameketi kwenye benchi la ukutani, amejifunga mkoba kifuani. "Babu yako akifika Tabora alitua," alisema. "Misafara yote ilitua hapa. Ilikaa wiki, ilikaa miezi, wapagazi wakila wali na kulala mpaka miguu irudi. Mji huu ulikua kwa watu waliokuwa wakipumzika, bi mkubwa. Ni wewe peke yako uliyezaliwa humu na hujui kukaa."

Wilbroad akajifanya anatafuta kitu mezani. Zabibu alichukua gongo lake la kutembelea, akatoka. Kilichomuuma si tusi. Kilichomuuma ni kwamba habari ile aliijua tangu utotoni, kwa mdomo wa baba yake mwenyewe, na sasa ilikuwa imempiga kutoka mdomo wa Batuli.

Siku ya kumi na mbili baada ya hogo kutoka, Batuli alikwenda Mtendeni kupeleka sare za kwaya. Zabibu alitazama mpaka alipopinda kona. Kisha akaweka gongo chini, akaitoa baiskeli, akapangusa vumbi, akafunga nusu gunia kwenye keria. Nusu tu, alijiambia, yeye si mjinga. Pedeli ya kwanza iliuma, ya pili iliuma, kufika barabarani ikawa inauma kwa mpangilio, na upepo ulipompiga usoni aliona kwamba Wilbroad na Batuli wote ni waongo.

Tambarare alikwenda. Ulipoanza mwinuko wa kwanza, ule ambao zamani hakuuhesabu kuwa ni mwinuko, kifua kilifunga. Alihema kama mtu aliyezamishwa majini. Mguu wa kushoto ulikuwa unafanya kazi ya miguu miwili, wa kulia unapanda na kushuka kwa sababu umewekwa kwenye pedeli na hauna pa kwenda. Alifika karibu na kilele. Aliposhuka ili asukume, goti la kulia likakunjika lenyewe, akakaa chini kwa kishindo, baiskeli ikalala kando yake, dagaa wakamwagika mchangani.

Mwuza mkaa mmoja alisimamisha baiskeli yake. "Mwangaluka, mayu," alimsalimia mama huyo kwa Kinyamwezi. "Umeanguka?"

"Nimekaa."

Yule bwana alimtazama, akatazama dagaa, akatoa simu. Alikuwa anamfahamu, Ng'ambo nzima ilikuwa inajua nani anamuuguza nani. Zabibu alimkataza. Naye akampigia Batuli.

Batuli alikuja kwa miguu, kanga imelowa jasho mgongoni. Alisimama mbele ya Zabibu muda mrefu kiasi cha kumfanya atamani atukanwe. Kisha akainama, akazoa dagaa kwa mikono, mchanga na yote, akafunga gunia, akasimamisha baiskeli.

"Shika keria," alisema.

"Sitaki."

"Sikukuuliza unataka nini. Shika keria, utembee nyuma yangu, polepole. Ukianguka tena nitakuacha, Mungu shahidi, na nitakwenda kumwambia Fikiri ulinitoroka."

Akashika keria. Walitembea hivyo mpaka Ng'ambo, mmoja akisukuma, mmoja akivutwa, watu wakiwatazama kutoka kwenye vibanda. Walipofika uani Batuli aliegemeza baiskeli ukutani, akageuka, akamkabili.

"Unadhani nakuuguza kwa huruma?"

"Najua huna."

"Miaka mitatu ulikuwa unatoka alfajiri unarudi jioni. Nilikuwa na ua wangu. Nilikuwa nashona naimba. Sasa wiki kumi nimekaa nawe, asubuhi wewe, mchana wewe, nikigeuka wewe. Nataka mguu huo upone kuliko wewe unavyotaka. Ukiwa na mguu, hupo. Umenielewa? Na leo umeniongezea wiki."

Zabibu alimtazama. Katika miaka mitatu hilo lilikuwa neno la kwanza la Batuli aliloliamini lote.

"Basi tunataka kitu kimoja," alisema.

"Kimoja tu," Batuli alijibu, akaingia ndani.

Goti lilivimba siku nane. Lilipopungua, Zabibu alikwenda mwenyewe kwa Wilbroad na kumwambia ampangie. Akapangiwa. Kusimama na kuketi kwenye kiti bila kushika, mara kumi, kupumzika, mara kumi. Kupanda ngazi ya baraza kwa mguu wa kulia. Baiskeli tupu, tambarare, robo saa. Kisha nusu saa. Kisha kilima, bila mzigo. Baada ya kila siku ya namna hiyo, siku nzima ya kukaa.

Siku za kazi zilikuwa rahisi. Siku za kukaa zilikuwa adhabu, kwa kuwa alikaa na Batuli. Redio ya Batuli ilipiga taarabu kutwa. Zabibu akapiga kaswida kwenye simu yake kwa sauti ya juu zaidi. Batuli alifagia ua vumbi likamwendea yeye. Zabibu alianika samaki mahali ambapo upepo ungepeleka harufu barazani. Walipogombana walikuwa wanagombana kwa hoja, kwa mifano ya miaka mitatu, wakirudia maneno waliyokuwa wameyaweka akiba. Jirani yao Leonia aliwahi kusimama mlangoni na kuwasihi wamwogope Mungu. Wote wawili walimwambia aende kwake.

Kila Alhamisi Batuli alipima. Kumi na tisa na robo ikawa kumi na tisa na nusu. Ikakaa hapo wiki mbili, Zabibu akavunja kikombe. Kisha ikawa ishirini. Pumzi nayo ilianza kurudi, haraka kuliko paja: mwezi wa pili aliweza kupanda ule mwinuko na kusema "salama" kwa mtu bila kukata neno katikati. Wilbroad alikuwa amesema kweli kuhusu njia ya kurudi. Msichana aliyeanza kuendesha baiskeli angehitaji mwaka mzima kufika pale alipofika Zabibu baada ya miezi miwili.

Tabia ya zamani ilimjaribu mara moja. Ilikuwa wiki aliyojisikia vizuri, na kwa kuwa alijisikia vizuri, na kwa kuwa Batuli alikuwa na mafua na kukohoa kutwa, aliamua kutoka siku tatu mfululizo. Siku ya tatu alirudi miguu inamtetemeka. Asubuhi ya nne alikuta matairi yote mawili yametolewa upepo.

"Pampu iko wapi?"

"Ipo," Batuli alisema.

"Nakuuliza iko wapi."

"Nimeifungia. Utaipata Jumamosi."

Zabibu alimtukana matusi ambayo mwanamke wa umri wake hatakiwi kuyajua. Batuli aliendelea kukanyaga kibao cha cherehani. Siku mbili nzima Zabibu alikaa kwenye mkeka, miguu imenyooshwa, hasira ikimchemka, akala, akalala mchana, akaamka na kuendelea kuchukia.

Jumamosi alipewa pampu. Akajaza upepo, akafunga gunia zima, la kwanza tangu aanguke, na akatoka bila kuaga. Alitarajia maumivu. Tambarare ilipita hakuisikia. Mwinuko wa kwanza ulipita. Alipofika kwenye mteremko wenye makorongo akashuka na kusukuma kwa uangalifu, na upande wa pili, kwenye kilima cha kuelekea Kwihara, aliinuka kutoka kwenye siti na kukanyaga, na baiskeli ikapanda. Miguu yote miwili ilikuwa inasukuma. Hakuwa amepanda kilima kile namna ile tangu kabla ya Batuli kuja, labda tangu kabla ya binti yake kuolewa. Juu alisimama, si kwa kuchoka, bali kwa kushangaa. Siku mbili alikuwa hajafanya kitu, na zilikuwa zimemfanyia kitu ambacho siku arobaini na moja za jasho zilimnyang'anya.

Jambo hilo hakumwambia Batuli. Angemeza pampu kwanza.

Fikiri alirudi kutoka Kigoma mwishoni mwa mwezi huo na kukaa siku tano, jambo lisilo la kawaida. Siku ya pili ilikuwa Alhamisi. Alitoka chumbani akamkuta Batuli amepiga magoti na utepe wake kwenye paja la Zabibu, na Zabibu akiwa amesimama mkono mmoja kwenye bega la Batuli ili asiyumbe.

Uso wa Fikiri ukachanua. "Mnaona sasa," alisema. "Miaka yote nilikuwa nasema. Mungu ana njia zake. Mmekuwa ndugu."

Mkono wa Zabibu ukatoka begani. Batuli akasimama.

"Nani ndugu?" Batuli aliuliza.

"Mimi nimefurahi tu," Fikiri alisema. "Hata nilikuwa nafikiri, kwa kuwa sasa mnaelewana, yale mambo ya nyumba nyingine hayana haraka tena. Ua mmoja unatosha."

Hapo ndipo Fikiri aliposikia yale ambayo wake zake walikuwa wakiambiana kwa miezi minne, ila sasa yalielekezwa upande mmoja. Batuli alianza na nyumba aliyoahidiwa. Zabibu akaendelea na siku mbili alizokaa mguu ulipovunjika. Batuli akarudia habari ya matofali ya nyumba yasiyowahi kuletwa. Hawakupangana, kila mmoja alimkatiza mwenzake, walikanushana hata tarehe, lakini hakuna aliyempa Fikiri nafasi ya kuingiza neno. Alivaa viatu akaenda msikitini, saa moja kabla ya adhana.

Batuli aliviringa utepe wake kidoleni.

"Ishirini na moja na nusu," alisema. "Mguu umetosha. Sasa uondoke."

"Ua huu ni wangu kabla yako."

"Najua. Baki basi, ukae na mimi Ijumaa na Jumanne mpaka tufe."

Zabibu alilifikiria hilo wiki nzima, na kadiri alivyolifikiria ndivyo lilivyozidi kuwa kweli. Kutoka kila siku hakuwezi tena. Mguu ulikuwa umemfundisha gharama yake. Kukaa pale siku za kukaa, hakuwezi vilevile. Marehemu baba yake alikuwa amemwachia kiwanja Itetemia chenye chumba kimoja cha tofali za kuchoma na bati zima, ambacho alikuwa akikitumia kuhifadhia magunia. Kilikuwa njiani kwa wateja wake. Alikipiga lipu, akaweka mlango mpya, akampigia Fikiri simu akamwambia siku ambazo anaruhusiwa kuja, na ambazo haruhusiwi.

Alihama Jumatano, safari nne za baiskeli. Godoro lilikuwa la mwisho. Batuli alimsaidia kulifunga, akikaza kamba kwa goti lake, akijaribu kila fundo mara mbili kama mtu asiyetaka mzigo urudi.

"Umesahau kinu," alisema.

"Kikae. Nimenunua kingine."

"Ukianguka usinipigie."

"Nilikupigia lini? Alipiga mwuza mkaa."

Hawakuagana. Zabibu alipanda, akayumba kidogo kwa upana wa godoro, akatulia. Hakuwa amefika njia panda alipoisikia cherehani ikiburutwa kwenye sakafu, miguu yake ya chuma ikikwaruza saruji kuelekea kwenye chumba ambacho yeye Zabibu alikuwa amekihama sasa hivi. Hata godoro halijapoa. Hasira ikampanda, na kwa nukta moja alishika breki, ageuze, akamwambie Batuli neno ambalo alikuwa bado hajalitumia.

Lakini ilikuwa siku ya kazi, alikuwa amekaa jana kutwa, na miguu ilikuwa imeshashika mwendo. Aliachia breki akaendelea na safari, akilitunza lile neno, kwa kuwa Batuli hakuwa anahama mji.